Uvimbe si saratani, kwa nini basi nipasuliwe kifua?

Barua nne zimenifikia mwezi huu, zote zikiuliza kuhusu uvimbe ndani ya moyo na mapigo yasiyo sawa. Kwa ugonjwa ulio adimu namna hii nne ni nyingi, kwa hiyo barua za presha na za lehemu zitasubiri toleo lijalo. Majina nimeyaondoa, na zilizokuwa ndefu nimezifupisha.

“Shikamoo daktari. Nina miaka 46, watoto watatu. Tangu mwaka jana moyo unanienda mbio ghafla, dakika 10 hivi, kisha unatulia wenyewe. Nikiinama kufunga viatu naona giza. Usiku nikilala chali pumzi inakata mpaka nikae kitako. Niliambiwa ni mawazo, baadaye nikaambiwa ni pumu. Wiki iliyopita nilipimwa eko, ile altrasaundi ya moyo, wakakuta uvimbe wa sentimita 5 kwenye chemba ya juu ya kushoto. Daktari anasema kwa muonekano wake si saratani, lakini anataka nipasuliwe wiki hii hii. Wifi zangu wanauliza, kama si saratani haraka ya nini? Mimi naomba miezi miwili tu, mwanangu wa mwisho amalize mitihani. Nitakuwa nimekosea?”

Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, utakuwa umekosea. Nilikwisha kukuambia hivyo kwa simu siku ile ile barua yako iliponifikia, maana barua kama yako haingoji mtambo wa kuchapa. Naliandika jibu hapa kwa ridhaa yako, kwa sababu swali la wifi zako nimelisikia kwa watu wengi, tena watu wenye busara zao.

Neno “si saratani” linaeleza tabia ya chembe za uvimbe: hazihamii kwenye ini wala mapafu kwenda kuanzisha makazi mapya, wala hazili nyama ya jirani. Halisemi lolote kuhusu mahali uvimbe ulipo. Uvimbe usio saratani ukiota mgongoni chini ya ngozi unaweza kuishi nao miaka 40. Ndani ya moyo hakuna nafasi ya ziada. Kila chemba ina kazi, kila vali ina zamu yake ya kufunga na kufungua, na kitu cha sentimita 5 kikikaa hapo kinaizuia damu njia.

Ulio nao wewe, kwa maelezo ya eko uliyonisomea, unaitwa miksoma. Kwa watu wazima ndio unaoongoza katika aina hizi. Huwapata zaidi wanawake, hasa kati ya miaka 30 na 60, na mara 3 kati ya 4 hukaa pale pale ulipo wako, umeshika ukuta unaotenganisha chemba mbili za juu. Kwenye ukuta huo pana kibonde kidogo, alama ya tundu lililokuwa wazi ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Miksoma hupenda kuota hapo, ikaning'inia kwa kikonyo kama tunda.

Natamani ungeuona kama ninavyouona mimi. Chumba cha eko kina giza, jeli ya baridi iko kifuani kwa mgonjwa, na kwenye kioo, katikati ya picha ya kijivu, kuna bonge linalocheza kama ulimi wa kengele. Chemba ya chini inapojifungua kupokea damu, bonge linashuka na kuzama mlangoni mwa vali. Moyo unapokaza, linatupwa juu tena. Mara nyingine ukisikiliza kifua kwa makini unalisikia kabisa likidondoka, sauti nzito inayofuata pigo la pili: tubwi. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Hesabu mwenyewe bonge hilo linakwenda safari ngapi kwenye mlango ule ule kabla mwanao hajamaliza mitihani.

Ndiyo maana ukiinama unaona giza. Bonge limebadili mkao likaziba mlango kwa sekunde kadhaa, damu haishuki, ubongo unakosa. Ukilala chali unakosa pumzi kwa sababu damu iliyozuiwa inarudi nyuma mapafuni, na hapo ndipo wengi huandikiwa dawa za pumu. Simlaumu aliyekuandikia, ingawa pumu haimfanyi mtu aone giza akifunga viatu, na neno hilo lilistahili kusikilizwa mara ya kwanza ulipolisema. Mapigo nayo yana sababu yake: damu ikikwama, chemba ya juu hutanuka. Ukuta ukivutika, umeme unaopita ndani yake hupoteza njia, na badala ya chemba kukaza mara moja kwa mpango, inabaki ikipapatika.

Lakini si kuziba wala kupapatika kunakonifanya nikuhimize. Miksoma ni laini. Nimewahi kuishika ikiwa imetoka tu kwenye moyo: ni kama ute ulioganda, inang'aa, inateleza, na ukiibana kidogo inaachia vipande. Vipande hivyo, au damu iliyoganda juu yake, vikimeguka upande wa kushoto hupelekwa na damu ubongoni, machoni, miguuni. Watu 3 hadi 4 kati ya kila 10 wenye miksoma hupatwa na jambo hilo.

Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii, nilimpima mama mmoja, mdogo kuliko wewe, nikaiona miksoma yake. Nilifurahi kwamba haikuwa saratani, nikataka naye afurahi. Nikamshika mkono nikamwambia, “Usiwe na hofu, hii si saratani.” Akanishukuru sana. Akaomba ruhusa arudi nyumbani kwanza aweke mambo yake sawa, nami sikumzuia kwa nguvu niliyopaswa. Siku ya tisa aliletwa akiwa amebebwa, upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Tulimtibu, hatimaye uvimbe ukatolewa, moyo wake ukapona. Mkono haukurudi. Tangu hapo sisemi tena “si saratani” na kuweka nukta. Nasema: si saratani, na hutoki hapa mpaka tupange siku ya operesheni.

Umeniuliza kwenye simu kama dawa za kuzuia damu isigande zingekuvusha hiyo miezi miwili. Haziyeyushi miksoma. Hakuna kidonge wala mzizi unaoiyeyusha. Tiba yake ni kuikata.

Na kuikata ni kazi inayofahamika. Wa kwanza kufanikiwa alikuwa daktari wa upasuaji Clarence Crafoord, huko Uswidi, mwaka 1954, mashine ya kuushikia moyo na mapafu kazi ikiwa ndiyo kwanza imeanza kutumika. Hadi leo njia ni ile ile katika msingi wake. Unapewa nusu kaputi, mashine inachukua kazi ya kusukuma damu, moyo unasimamishwa, chemba inafunguliwa, uvimbe unatolewa pamoja na kipande cha ukuta ulikoshika kikonyo, kisha pengo linazibwa. Kipande hicho cha ukuta kina maana kubwa, kwa kuwa mizizi ikiachwa ndiyo inayoweza kuchipua tena. Uvimbe wenyewe unakwenda maabara, nao watathibitisha kwa darubini kile ambacho eko imekisia. Wengi hukaa hospitali wiki moja hivi, na mfupa wa kifua huunga kwa wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo mitihani itakukuta uko nyumbani umekaa kwenye kiti, ukilalamika kwamba huruhusiwi kubeba ndoo.

Jambo moja sijui kama wamekuuliza. Je, kuna mama, kaka, dada au mtoto wako aliyewahi kuondolewa uvimbe wa moyo, au mwenye vidoa vingi vyeusi kwenye midomo na kope? Kuna familia chache ambazo miksoma huja kwa kurithi. Kwao hurudi mara nyingi zaidi, na watoto wao hupimwa mapema. Kwa wengine wote kurudi ni nadra, lakini eko ya kila mwaka usiikwepe.

Uliniambia mwishoni kwamba utamwambia mwanao mwenyewe, jioni ile ile, kabla hajasikia kwa wifi zako. Ulifanya vizuri.

“Binti yangu daktari, mimi ni mstaafu wa miaka 71. Niliondolewa miksoma wiki tatu zilizopita. Siku ya tatu baada ya operesheni moyo ulianza kwenda shaghalabaghala, nikapewa dawa ya kupunguza mbio na nyingine ya kuzuia damu isigande. Bado unaruka mara moja moja. Je, uvimbe umeota tena? Na hii dawa ya damu naweza kuiacha? Nikijigonga kidogo tu nachubuka.”

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kifua.

Haujaota. Miksoma haiwezi kurudi kwa wiki tatu hata ikitaka. Kilichokupata kinampata takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaofanyiwa upasuaji wa moyo, na mara nyingi huanza siku ya pili hadi ya nne, sawasawa na wewe. Moyo umeshikwa, umekatwa, umeshonwa, na ngozi nyembamba inayouzunguka imevimba kwa maumivu. Chemba za juu hukasirika zikaanza kupapatika. Kwa watu wengi hali hii hutulia ndani ya wiki chache.

Dawa ya damu usiiache kwa uamuzi wako, mzee wangu, nakusihi. Chemba inayopapatika haisukumi damu vizuri. Ina kifuko kidogo pembeni, sisi huita sikio la moyo, na damu ikituama humo huganda. Bonge hilo likitoka linakwenda kule kule ambako kipande cha miksoma kingekwenda. Ungekuwa umepona uvimbe ukapata kiharusi cha mapigo. Mwombe daktari wako akufungie kile kifaa kidogo kinachorekodi mapigo kwa saa 24 au 48, ukienda nacho nyumbani, ukilala nacho. Uamuzi wa kuacha dawa utoke kwenye rekodi hiyo na kwenye umri na presha yako, usitoke kwenye michubuko.

Michubuko midogo ni kawaida ya dawa. Choo kikiwa cheusi kama lami, au pua ikitoka damu isiyokata, au ukianguka ukagonga kichwa hata kama unajisikia mzima, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na dawa za maumivu usizichukue tu dukani, hasa ibuprofeni na ndugu zake, kwa kuwa zikikutana na dawa ya damu tumbo hutoka damu.

Ikipita miezi na mbio bado zinarudi, huenda umeme umejifunza kuzunguka kovu la mshono. Hilo nalo lina tiba: waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni na kuchoma njia ile mbovu. Hufunguliwi kifua tena.

“Daktari, mwanangu ana wiki tatu. Nilipokuwa mjamzito walimwona kwenye altrasaundi ana uvimbe tatu ndani ya moyo. Sasa wanasema tusubiri, hakuna operesheni. Nashindwa kuelewa wanasubiri nini. Silali, naweka mkono kifuani kwake usiku kucha. Ni kitu gani nilikula au nilifanya?”

Mama, anza na hili: hukula kitu, hukufanya kitu, na hukuacha kufanya kitu.

Uvimbe wa watoto si ule wa watu wazima. Wa kwako, ukiwa zaidi ya mmoja na ukionekana tangu tumboni, karibu bila shaka ni rabdomioma, nao una tabia moja ya ajabu ambayo sijazoea kuiona katika ugonjwa mwingine wowote wa moyo: huondoka wenyewe. Hukua mtoto akiwa tumboni, na baada ya kuzaliwa huanza kunywea, miezi kwa miaka, mpaka wakati mwingine eko haiuoni tena. Ndicho wanachosubiri. Operesheni hufanywa pale tu uvimbe unapoziba njia ya damu au unapoharibu mapigo kiasi cha kuhatarisha maisha, na siku hizi kuna dawa, everolimasi, inayoweza kuunywesha kwa watoto ambao hali yao ni ngumu.

Ule mkono wako kifuani, usiuondoe, ila ujue unatafuta nini. Chembe za uvimbe huu wakati mwingine hupitisha umeme, zikawa kama waya wa wizi kati ya chemba za juu na za chini. Umeme ukipita humo na kurudi kwa njia halali, unazunguka bila kukoma, na moyo unakimbia. Kichanga mwenye utulivu hupiga kati ya 100 na 160 hivi kwa dakika, na akilia hupanda zaidi kisha hushuka akinyamaza. Hiyo isikutishe. Akiwa ametulia na mapigo yakawa ya kasi isiyohesabika, zaidi ya 220, yasiyopungua hata akibembelezwa, huyo ni wa kukimbiza hospitali. Mara nyingi utaona mengine kabla ya kuhesabu: anaachia ziwa kila baada ya mafunda mawili, paji la uso linatoka jasho akinyonya, amepauka, anahema.

Sasa lile ambalo nadhani hawajakueleza vizuri, na ambalo mimi nalijali kuliko moyo wenyewe. Rabdomioma zaidi ya moja mara nyingi ni ishara ya ugonjwa wa jeni unaoota uvimbe mdogo mdogo usio saratani sehemu mbalimbali: ubongoni, kwenye figo, kwenye ngozi. Takriban theluthi mbili ya watoto hawa hawakurithi kwa mzazi yeyote. Badiliko limeanzia kwao. Omba apimwe picha ya ubongo na figo, na ngozi imulikwe kwa taa maalumu ya zambarau kutafuta mabaka meupe yenye umbo la jani.

Na katika miezi ya mwanzo, mwangalie anapoamka usingizini. Ukimwona anajikunja ghafla kama anayeinama, mikono inarushwa mbele, kisha anaachia, kisha tena, tena, mfululizo, hiyo si kwikwi wala hashtuki tu. Ni degedege la aina yake. Chukua simu, mrekodi, umpeleke siku hiyo hiyo na video mkononi. Watoto wengi hukawia kupata tiba kwa sababu mama anasimulia kwa maneno na anayemsikiliza anadhani ni tumbo. Degedege hili likitibiwa mapema akili ya mtoto inakuwa na nafasi nzuri zaidi.

Nitaje kwa kifupi, kwa wazazi wengine: uvimbe ukiwa mmoja tu, mgumu, ndani ya ukuta wa chemba ya chini, unaweza kuwa faibroma. Nao si saratani, lakini haunywei, na unaweza kuanzisha mapigo ya hatari yanayoua ghafla. Huo mara nyingi huondolewa. Ndiyo maana picha ya MRI ni muhimu pale eko inapobaki na shaka.

“Shikamoo dokta. Nina miaka 22, mwanafunzi. Usiku nikilala ubavu wa kushoto nahisi moyo unasimama kidogo, halafu unapiga teke moja kubwa. Nimesoma habari za uvimbe wa moyo, sasa siwezi kusoma kitu kingine. Je, nina uvimbe?”

Marahaba mwanangu. Ukichunguza miili ya watu 10,000 waliofariki, uvimbe ulioanzia moyoni utaukuta kwa watu wawili au watatu, pengine usimkute hata mmoja. Teke ulilolieleza ningelikuta kwa karibu kila mtu ningemfungia kifaa cha kurekodi mapigo siku nzima, nikiwemo mimi. Ni pigo lililowahi. Limekuja kabla ya zamu yake, moyo ukiwa haujajaa damu, kwa hiyo hukulisikia. Kisha moyo ukangoja kidogo, ukajaa kupita kawaida, na pigo lililofuata likaja na nguvu. Kusimama ulikokuhisi ni kule kungoja. Ukilala ubavu wa kushoto moyo unasogea karibu na mbavu, ndiyo maana unausikia usiku. Kukosa usingizi, kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu huyaongeza.

Nenda upimwe ECG mara moja, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ni dakika chache. Daktari akisikia sauti isiyo ya kawaida, au ECG ikiwa na kasoro, atakutuma eko, na eko ndiyo inayoonyesha kama ndani kuna kitu. Lakini kama umewahi kuzimia ukiwa unakimbia au unacheza mpira, au kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, usingoje nafasi, nenda kesho, na hayo uyaseme ya kwanza kabisa.

Likikujia tena usiku, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kwa mkono mwingine gonga godoro kwa kufuata mapigo. Tazama kama yanakwenda sawa na kuruka moja moja, au yamevurugika yote bila mpangilio, au yanakimbia kwa mwendo mmoja usiopungua. Andika saa na muda yaliodumu. Karatasi hiyo mpe daktari pamoja na ECG yako.